Simu ya Mama

Jumatatu, 5 Agosti

Nimefagia uwanja, nimetandika majamvi, nimeanika karafuu. Mgongo unauma. Siku ya nne nyumbani Mgogoni.

Mama ameniuliza, "Umeamka salama?" Nikajibu salama. "Chai iko tayari. Karibu." Kama mwalimu mkuu anapokea mgeni kutoka wizarani. Kisha akageukia ukutani na kumwita jirani yetu, Bi Time: "Time! Weye Time! Kuku wangu kaja huko?" Sauti nyingine kabisa, pana, ina kicheko ndani yake.

Nikasogea nisikie zaidi. Akanyamaza.

Nina miaka hamsini na nne na najificha nyuma ya mlango kumsikiliza mama yangu akizungumza Kipemba. Na yeye ananipa Kiswahili cha skuli. Si leo wala jana. Tangu filamu yangu ya kwanza.

Jumanne, 6 Agosti

Sijawahi kuliandika hili. Wacha niliandike.

Baba alikwenda Maskati nikiwa mdogo. Tukasikia kaoa huko. Mama akanichukua hadi posta ya Wete, tukapanga foleni ya simu. Laini ilikuwa mbovu, ikabidi apige kelele. "Rudi bwana! Nkeo nipo!" Mara tatu. Watu kwenye foleni wakacheka. Nilikuwa nimeshika ncha ya kanga yake. Niliona aibu, nikaiachia.

Miaka kumi na tano baadaye, Dar, kundi la maigizo lilikuwa linanijaribu. Wakaniambia nichekeshe. Sikuwa na kitu. Nikamtoa Mama, na simu yake ya posta. Mwongozaji alicheka hadi akakaa chini. Hapo akazaliwa Bi Nkasi, mke wa Kipemba anayepiga simu. Mwongozaji akaongeza kushika mkono wa simu juu chini. Mimi nikaongeza kamasi.

Jukwaani miaka sita, halafu televisheni, halafu filamu kumi na moja. Nimecheza mama mkwe, mchawi, waziri. Hakuna anayewakumbuka hao. Nikishuka bandarini watu wananipigia kelele: Nkeo nipo!

Mama aliisikia kwa watoto wa madrasa, wakipita mbele ya nyumba. Bi Time ndiye aliyeniambia, miaka mingi baadaye. Mama mwenyewe hajanena kitu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimefanya jambo la kijinga.

Wanawake walikuja jioni kutusaidia kuchambua karafuu. Tumekaa duara, vijiti vya makonyo huku, karafuu kule. Nikataka mahali pa kukaa, nikauliza, "Nkeka uko wapi?" Basi. Maneno matatu ya nyumbani kwetu. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwaona, Bi Nkasi huyo!"

Sikuwa naigiza. Nataka niapie hilo. Lakini nilijisikia mwenyewe: nimevuta ile "nkeka" kama ninavyoivuta jukwaani. Sina tena namna nyingine ya kuisema. Nimekitumia Kipemba changu kazini hadi kimekwisha.

Halafu Bi Time akasema, "Hebu Saada, tupigie ile simu." Mama amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kukataa. Nikachukua konzi ya makonyo, nikaiweka sikioni. Nikaipiga. Nikasubiri pale pa kusubiri. Wakalia kwa kucheka, Bi Time akaangukia karafuu.

Mama aliendelea kuchambua. Hakuinua kichwa. Alichambua fungu lake lote likaisha, akasema, "Samahanini, ninakwenda kusali."

Samahanini. Kiswahili cha skuli, kwa wote. Hata Bi Time aliacha kucheka.

Alhamisi, 8 Agosti

Mtayarishaji ameandika. Wanafika Jumamosi, watu wanne na kamera. Kipindi cha maisha yangu. Anakumbusha: "Usisahau, mama naye aiseme ile ya simu. Ndiyo mwisho wetu."

Nilimkubalia mwezi uliopita. Nilimwambia kwamba Mama atafurahi. Sikumuuliza Mama. Ndilo lililonileta hapa, si karafuu.

Sijamwambia.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimemwambia. Baada ya chakula, akiwa anakunja nguo. Nilisema yote kwa mkupuo, la kamera, la simu, la kumkubalia mtu bila idhini yake. Nikamwomba radhi pia kwa ya juzi. Nilianza kwa Kipemba, akainua kiganja kunizuia. Nikahamia Kiswahili cha skuli. Aibu iliyoje, kumwomba mama yako radhi kama unaandika barua ya maombi ya kazi.

Aliendelea kukunja. Kisha akasema, taratibu, kila neno limepigwa pasi:

"Mimi sikuwa ninachekesha. Nilikuwa ninaomba."

Nikasema najua.

"Ulijua. Ulikuwa umenishika kanga." Akaweka nguo kwenye fungu. "Maneno yale umeyachukua. Haya mengine yaliyobaki ni yangu. Ndiyo maana sikupi."

Miaka yote nilidhani ananidharau. Kumbe ananiogopa. Mama yangu, ambaye haogopi nyoka wala sheha, anaogopa kufungua mdomo mbele yangu.

Nimelia chooni. Machozi ya kweli, na bado kuna sehemu yangu ilikuwa inatazama jinsi ninavyolia. Nimechoka nayo sehemu hiyo.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimewakuta njiani, kabla hawajafika nyumbani. Nikawaambia warudi. Mtayarishaji alidhani ni mzaha, maana kwangu kila kitu huwa mzaha. Alipoona sicheki akaanza kubembeleza. Basi mama tumwache. Basi upige wewe simu, hapahapa, mikarafuu nyuma yako. Dakika moja tu, dada Saada.

Nilitaka. Hilo ndilo la aibu kuliko yote. Kamera ilikuwa imeshawekwa begani na mwanga ulikuwa mzuri na mwili wangu ulishaanza kujipanga. Nilikuwa na miaka miwili sijapata kazi.

Nikasema hapana. Akasema najifungia mlango mwenyewe. Nadhani ni kweli. Gari likageuza.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama hawaji. Akasema, "Ahsante." Akanipa maji kwenye glasi ya wageni.

Jumapili, 11 Agosti

Hakuna jipya. Tumechambua wawili. Bi Time hakuja. Nadhani anaona haya.

Nilidhani baada ya jana mambo yangekuwa tofauti. Kwenye filamu yangekuwa.

Jumatatu, 12 Agosti

Mchana wingu limekuja kutoka upande wa Kiuyu, bila kupiga hodi. Mimi nilikuwa barazani na simu, nasoma watu wanavyouliza nimepotelea wapi. Karafuu zote uwanjani. Tone la kwanza likaanguka.

Mama akatoka jikoni akaliona wingu, akaniona na mimi. Hakuwa na nafasi ya kutafuta Kiswahili cha skuli. Akanipigia kelele. Kwa Kipemba, kwa sauti ile ya ukutani, jina langu kwanza, halafu uvivu wangu, halafu macho yangu yasiyoona wingu, halafu jambo kuhusu marehemu bibi yangu. Nikakimbia. Tukashika jamvi yeye huku mimi huku, tukaburura, tukarudia. Alinitukana njia nzima.

Tulipoingia ndani, tumelowa, alijisikia anazungumza Kipemba. Nilimwona anajisikia. Alinitazama muda mrefu, mkono kiunoni.

Kisha akaendelea. Si kelele tena. Akakaa juu ya gunia na kusema mambo mengine, kwa upole, kwa lugha ileile, mpaka mvua ikapita. Nilikaa chini nikamsikiliza tu. Niliogopa sauti yangu.

Ninayo yote kichwani, neno kwa neno, na pale alipovuta pumzi. Siyaandiki.