Barabara Iliyopita Juu Yetu

Korongo la Vetiveri, juu ya Saint-Leu
11 Oktoba 2009

Kaka yangu Wilfrid,

Pokea salamu zangu, pamoja na za Mama ambazo ni nyingi kuliko zangu. Wifi hajambo? Na watoto, baridi ya huko ng'ambo, Le Havre, imeshaanza kuwauma vidole? Sisi huku tupo. Siandiki kwamba hatujambo, maana nimechoka, kaka, hata uongo mdogo wa adabu unanishinda.

Habari kubwa ni daraja la barabara mpya. Limekwisha tangu Juni. Miaka mitano tumekula wali wenye vumbi la zege, na sasa nguzo zimesimama korongoni, ndefu kiasi kwamba ukitazama juu kofia inadondoka. Moja ipo palepale Baba alipokuwa akifunga ng'ombe. Ikifika saa tisa mchana kivuli chake kinaingia jikoni, na shuka ninazofua kila siku hazikauki. Magari yanapita juu, ta-tak, ta-tak, kila yanapovuka kiungio. Lakini njia ya kuteremkia kwetu hawakuweka. Anayetaka kuja hapa hana budi ashuke mpaka Saint-Leu, kisha apande kwa barabara ileile ya zamani yenye kona. Mzee Irénée, jirani yetu aliyefunga nondo kwenye hizo nguzo, anasema tumeletewa barabara kama maskini anavyoletewa harufu ya soseji za jirani.

Unakumbuka ulivyomwambia Mama siku ile unaondoka? Ulisema, "Barabara ikifika nitakuja, Mama. Siwezi kuwabebesha watoto korongo hili." Wewe labda umesahau. Yeye hajasahau hata neno. Tangu Juni kila alasiri anataka apelekwe kwenye kona ya majani ya vetiveri, akae atazame juu. Miguu haimbebi tena, kwa hiyo napeleka kiti kwanza, narudi, nambeba yeye mgongoni. Jua likizama, vivyo hivyo kurudi. Gari likipunguza mwendo ananishika mkono: "Huyo! Huyo ni Wilfrid, anatutafuta." Namwambia, Mama, huyo ni mtalii anapiga picha. Ananiambia mimi nina moyo mgumu kama jiwe la volkano.

Sasa nikueleze la wiki iliyopita. Kile kibanda chekundu cha Mtakatifu Expédit alichojenga Baba bado kipo, mafundi walikizunguka, hakuna aliyethubutu kukigusa. Mama humwashia mshumaa kila Jumatatu, maana ndiye mtakatifu wa mambo ya haraka. Haraka gani, wakati huu ni mwaka wa kumi na tisa anaomba urudi! Basi Jumatatu nimembeba kama kawaida, tumefika, tukaikuta sanamu ya mtakatifu haina kichwa. Kichwa kiko chini, kwenye majani.

Huko mlipo labda wangesema ni wahuni. Hapa kila mtu anajua maana yake: mtu ameomba, amenyimwa, amechukua panga. Kufika saa nne mtaa mzima umeshajaa pale. "Nani kanyimwa? Kaomba nini?" Mzee Irénée akasema huenda ni mtetemo wa malori. Mama akamwambia, "We Irénée, lori linashika panga?"

Watu walipoondoka, Mama alinitazama kwa muda mrefu. Akasema kwenye kibanda hiki tunaomba wawili tu, na yeye hajakata kichwa cha mtu, yeye bado anasubiri. Nilidhani atanilaani. Badala yake akanivuta, akanikumbatia, akalia. "Maskini mwanangu," akasema, "kumbe na wewe ulikuwa unaomba Wilfrid arudi, na mimi nakuita jiwe! Usikate tamaa, Eudoxie. Atakuja."

Nikamwambia ndiyo, Mama.

Kaka, nimeandika karatasi mbili ili nifike hapa. Panga ni langu. Lakini mtakatifu sikumwomba urudi. Nilimwomba amchukue Mama kabla ya mvua za tufani. Nilipiga magoti, nikawasha mshumaa, nikasema: mchukue taratibu, asiumie, nipate kulala. Siku tisa niliomba. Siku ya kumi niliamka, nikambadilishia shuka, akaniambia leo anajisikia na nguvu kama msichana. Nikatoka na panga la kukatia mbuzi majani.

Nampenda. Usije ukadhani simpendi. Lakini nina miaka hamsini na mbili, mgongo wangu umekwisha, na kila jioni ninapomrudisha nyumbani nasikia magari ta-tak juu ya kichwa changu, watu wote wa kisiwa hiki wanakwenda mahali, isipokuwa mimi.

Mama alimwomba Mzee Irénée saruji iliyobaki darajani, akakirudisha kichwa kwa mikono yake. Kimekaa upande. Sasa mtakatifu anatazama juu, darajani, kama yeye. Mama anafurahi, anasema tumekuwa watatu tunaokungoja. Ukimwambia niliyokuandikia, utamuua, na hapo nitakuwa nimepewa nilichoomba. Usimwambie.

Mtakatifu nilimwomba akakataa. Sasa nakuomba wewe. Sitaki uniletee kitu. Njoo mwezi mmoja umbebe.

Mama yupo hapa kwenye kiti chake. Anadhani nakuandikia habari za mbuzi. Anasema wajukuu wavae sweta, na ukifika juu ya korongo piga honi mara tatu, atajua ni wewe. Pia anasema usiendeshe kwa kasi. Wasalimie wote.

Piga hizo honi, kaka. Zikilia, kiti cha Mama nitakiacha palepale konani, uje ukibebe wewe.

Ni mimi mdogo wako aliyechoka,
Eudoxie