Pazia la Mama Nanjala

Kitengela,
Oktoba, 2009

Kwa dada yangu Nelima,

Natumaini karatasi hii itakukuta umekaa kwa kiti chako nje, magoti yamenyamaza, na yule ng'ombe wako mkorofi anakubali kukamuliwa bila kukupiga teke. Nisalimie majirani wote, isipokuwa yule aliyekula jogoo wangu. Anajijua.

Sisi huku ni wazima, na mimi hasa. Ile homa ya nguruwe ambayo redio inasema imevuka bahari na kulaza mataifa yenye ndege zao, ilifika mpaka kwa ploti yetu, ikaniangalia juu hadi chini, ikaona huyu si mtu wa kuchezea, ikapita. Sikupiga chafya hata moja.

Haya, hiyo ni uongo. Nilipiga chafya mpaka meno yangu ya kununua yakaruka yakaangukia ugali, na mjukuu wako Nanjala akayaosha kwa sabuni akaniletea kwa kisahani, amefunika na kitambaa, kama keki ya harusi. Nililala kama gunia. Lakini nimeamka, na nakuandikia kwa sababu nyumba ya Wangila inataka kuvunjika, na mtu wa kuishika ni wewe. Simu sikutaka. Nikiongea kwa simu ploti nzima inajua hata nimekula nini.

Unajua tunavyokaa. Kijana wangu Wangila amepanga vyumba viwili, na mimi amenipangia kimoja cha mabati upande ule mwingine wa uwanja, kwa sababu hata kama huku ni mjini, mzee halali chini ya paa moja na mke wa mtoto wake. Yeye mwenyewe Wangila yuko Namanga, anaandikia malori karatasi za mpaka, anarudi mwisho wa mwezi. Nyumbani ni mkewe, yule Mjaluo, mimi namwita Mama Nanjala, na watoto wawili: Nanjala wa miaka sita, na Simiyu wa miaka minne ambaye ni tumbo lenye miguu.

Mimi na Mama Nanjala tumeshika desturi kama vile Baba alitufundisha, na kwao pia wanajua heshima hiyo. Hatusalimiani kwa mkono. Hatuangaliani machoni. Pazia la chumba chake cha kulala kwangu ni mpaka, na mimi sina karatasi za kuvuka. Hata maneno yanapitia kwa mtoto. Mama anasimama pale, mimi hapa, ukitupa kokoto inatufikia sote, lakini anasema, "Nanjala, mwambie babu chai iko tayari," na Nanjala anageuka ananipigia kelele sikioni kana kwamba niko Magadi. Mimi namwambia amjibu mama nimesikia. Basi redio ilipoamuru Wakenya wote waache kushikana mikono na kila mtu akae mbali na mwenzake, nilicheka mpaka nikakohoa. Nikasema serikali sasa imeoa kwetu.

Jirani yetu Amino, yule mama Msomali wa duka, alikuwa akisema homa hiyo haimhusu, yeye hajawahi hata kuona nguruwe, itampatia wapi? Nikamwambia labda inauliza dini kwanza kabla ya kuingia. Akanifukuza dukani na ufagio.

Kisha watoto wa nasari wakaanza kukohoa, mwalimu akawarudisha wote nyumbani, na Mama Nanjala naye akaambiwa kule kiwandani anakoshona nguo asionekane mpaka kifua kitulie. Dada, siku hizo sijui nizieleze vipi. Mvua imetukataa mwaka huu, wewe umesikia. Ng'ombe za Wamasai zinakuja mpaka barabarani kutafuta majani, zinalala na haziamki. Mchana vumbi linapanda taratibu, jeupe, mpaka milima ya Ngong inakatika chini na kubaki ikielea. Siku moja punda milia walipita nyuma ya ploti ndani ya vumbi hilo, miguu haionekani, na Simiyu akasema wale ni wa mbinguni, wameshuka kunywa maji na hawakupata. Hakuna aliyembishia. Tulikuwa tumekaa mlangoni mwangu, mimi na watoto, blanketi moja juu ya vichwa vyetu vitatu, sufuria ya majani ya mkaratusi inatoa mvuke chini, na kule ndani ya blanketi tulikuwa kama watu ambao hawajazaliwa bado. Jumatatu au Jumapili, sikujua. Nilikuwa nasinzia nikiwa mtoto, naamka nikiwa babu.

Simiyu alipona kwanza. Mimi nikafuata, nikiyumba. Nanjala akabaki na homa, akalala kitandani kwangu, na hapo Mama Nanjala akaanguka yeye. Alimtuma Simiyu aje aniambie nisisumbuke, anapumzika kidogo nyuma ya pazia.

Basi nikawa mpishi. Napika uji, natia glukosi, nampa Simiyu kikombe, ananyata nacho kama padri, anapotea nyuma ya pazia. Anarudi kikombe kikiwa kikavu. Namuuliza mama amekunywa? Ananijibu amemaliza yote. Amesema nini tena? Anasema anataka ingine, na ndizi. Nikapeleka ndizi. Nikapeleka mayai. Nikafurahi, dada! Wangila akapiga simu kutoka Namanga, nikamwambia asiache kazi ya watu, mke wake anakula kama mkata miwa.

Kisha ile Ijumaa, mchana, Simiyu akarudi na kikombe, uji umemfika mpaka nyusi, tumbo limesimama kama ngoma. Nikamuuliza tena mama anasemaje leo. Akaniambia mama hasemi. Tangu lini? Akafikiri. Akasema mama alikataa uji tangu ule wa kwanza kabisa, na yeye hakutaka nikasirike, kwa hivyo alikuwa anamsaidia.

Wewe fikiria. Zile siku zote nilikuwa nanenepesha mjumbe.

Kwa kifupi, nilimuita Amino, akaingia, akambeba Mama Nanjala mgongoni, mumewe Siyad akashusha nusu ya mbuzi wake kutoka kwa pikapu, wakampeleka hospitali. Daktari akasema maji yamemwisha mwilini na homa imeingia mapafu, na kwamba angengoja mpaka jioni hangepona. Akatiwa dripu. Amerudi nyumbani sasa, anatembea kwa kushika ukuta. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Wangila, na hivyo ndivyo ploti inajua.

Dada, si Amino.

Amino alikuwa amefunga duka ameenda sala. Niliita, nikaita. Nikasimama mbele ya lile pazia. Lina maua mekundu, na upepo ulikuwa unalivuta ndani na kulitoa, kama kitu kinachopumua, na nilikuwa bado na homa yangu kichwani, nikaona kana kwamba likipumua mara nyingine bila mimi kuingia, basi huyo mtu amekwenda. Nikafumba macho, nikaingia. Kwa sababu ya kufumba macho nikakanyaga beseni, nikaanguka. Ndipo nikafumbua, maana hata ujinga una mwisho wake.

Alikuwa amelala midomo imepasuka. Nikamwita Mama Nanjala, kimya. Nikamwita Akoth. Miaka hiyo yote sijawahi kulitaja jina hilo. Alifungua macho, akaniangalia, akasema, "Baba, ng'ombe wameingia kwa mtama." Ni baba yake alikuwa anamwona, yule marehemu. Na mimi, badala ya kusema mimi ni nani, nikamjibu nimeshawafukuza, mtama uko salama, alale. Akatabasamu. Nikamshika mkono, nikamlaza mgongoni kwangu, nikatoka naye. Siyad ndiye alitukuta uwanjani. Njia yote nilikaa na mbuzi, kichwa cha mgonjwa kiko magotini pangu, namlowesha midomo kwa kidole, na vumbi jeupe kila upande mpaka nikadhani tumeacha barabara.

Amino aliporudi nikampigia magoti, iwe ni yeye aliyembeba. Akasema yeye hasemi uongo, lakini pia hakuna mtu atakayemuuliza.

Shida ni kwamba Mama Nanjala anakumbuka. Amemwambia Amino kwamba aliota baba yake amekuja kumchukua, lakini marehemu hakuwa ananuka tumbako, na mwenye tumbako hapa ni mimi peke yangu. Tangu hapo hatoki mpaka nimeingia kwangu. Amesema akipata nguvu atachukua watoto aende kwa mama yake Siaya, kwa sababu mkwe ameingia chumbani, amemgusa akiwa kitandani, na macho ya kuniangalia hana tena. Mimi najifanya mtu wa kudharau mambo hayo, unanijua. Lakini Simiyu akikohoa kidogo nasimama mlangoni kama nimeitwa. Na ile nyumba ikihama, nitabaki hapa niongee na mabati.

Jana nilikuwa mlangoni kwao, akamtuma Nanjala. Mtoto akaja akasema, mama anasema asante. Nikamwambia mwambie mama sijasikia. Akaenda, akarudi, asante. Nikasema masikio ya mzee yana vumbi, arudie. Mara ya tatu nikasikia pazia linacheka, kidogo tu. Kisha likalia.

Wewe ni senge wa nyumba hii, kama tunavyomwita kwetu shangazi mkubwa. Jambo kama hili halimalizwi na mimi wala Wangila. Anayelimaliza ni senge, akisema limekwisha limekwisha. Wangila nitamwambia mwenyewe akirudi, ana kwa ana.

Sasa nakumbusha jambo. Ule mwaka ulipotoroka na mume wako, nani alibeba sanduku lako mpaka mtoni, na asubuhi akamwambia Baba kwamba mbwa walikuwa wanabwekea fisi? Deni hilo sijawahi kulidai. Leo nalidai. Andika karatasi moja tu, si kwangu, kwa Akoth, kwa jina lake. Mwambie hakuna kilichoharibika, akae. Stempu nimetia humu ndani, usiibandike kwa barua nyingine.

Ni mimi ndugu yako,
Wamalwa