Damu kwenye Marumaru ya Watu Wengine

Jumapili asubuhi, Sharpstown, Houston. Mvua inachapa madirisha tangu alfajiri na mkono wangu wa kulia umevimba. Rehema, mke wangu, ameufunga barafu kwa taulo. Anadhani niliteguka nikijaribu kumdaka Salim alipoanguka kwenye ngazi.

Hakuna aliyeanguka.

Nilimpiga. Nilimpiga mdogo wangu wa tumbo moja kwa mwiko wa kujengea, ndani ya nyumba ya wafu, na huenda nimempofusha jicho la kushoto. Kesho madaktari wanafungua bandeji.

Mnaosoma blogu hii mmezoea picha za majengo ya kale, na wiki nzima mmekuwa mkiniuliza habari za ile nyumba ya makaburi tunayoikarabati hapa Houston. Haya, nyumba yenyewe ni hii. Ilijengwa na familia moja ya matajiri kwa mtindo wa enzi za Malkia Victoria. Mbele ni granaiti tupu, nguzo mbili nene, na mlango wa shaba uliochorwa mienge iliyopinduliwa, moto ukitazama chini. Ukiingia kuna ujia mwembamba, watu wawili hawapishani. Kulia na kushoto ni rafu za majeneza, tatu kwenda juu, kila moja imezibwa kwa bamba la marumaru lenye jina. Mabamba mawili hayana jina. Waliowekewa nafasi hawakuja kulala hapo, na sijui kwa nini. Mwisho wa ujia kuna dirisha la kioo cha rangi, kwa hiyo mchana kutwa unafanya kazi kwenye mwanga mwekundu.

Granaiti ni koti tu. Ndani, kuta na paa la tao ni tofali laini na chokaa. Hata matajiri hubana matumizi pale ambapo wageni hawaangalii.

Tofali kama hilo halitaki saruji. Unyevu wa Houston ukiingia ukutani, chokaa huuachia utoke. Saruji huuzuia, na kwa kuwa ni ngumu kuliko tofali, tofali ndilo linalopasuka. Marehemu baba alinifundisha hayo Mji Mkongwe kwa makofi, nami nikamfundisha Salim. Ndiyo, kwa makofi. Nilikuwa nasimulia jambo hilo kwa kujisifu.

Jumatano wakati wa chakula Salim aliniambia amepata kazi Richardson, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka hapa, ya kutunza kompyuta za ofisi moja. Ali-apply tangu zamani, kimya kimya. Anahamia huko mwisho wa mwezi. Nikasema hongera, nikamshika bega, nikaendelea kula wali wangu. Moyoni nilikuwa natokota. Mimi ndiye niliyemleta nchi hii. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi, chumba, hata koti la baridi.

Alhamisi alikuwa anajaza chokaa kwenye mianya ya matofali ya ukuta wa nyuma, chini ya dirisha. Nilitoka kuchota maji. Niliporudi nikakwangua kidogo chokaa yake mbichi kuona kina chake, na ncha ya mwiko ikagonga kitu kigumu. Kijivu. Saruji, imefichwa nyuma ya chokaa.

Aliniona uso. Akasema, "Kaka, ngoja n'kwambie."

Sikungoja. Nilimpiga mara tatu. Ya kwanza kwa kiganja. Ya pili kwa ngumi, kichwa chake kikagonga marumaru. Ya tatu nilisahau kuwa mwiko bado uko mkononi. Hakunyanyua mkono hata mara moja. Ujia ni mwembamba, hakuwa na pa kurudi nyuma, nami nilikuwa nimeziba mlango. Damu ilimwagika kwenye bamba la mama mmoja wa familia ile na ikaanza kuingia kwenye herufi za jina lake. Marumaru hunywa. Nililisugua kwa shati langu kabla ya kumshika ndugu yangu.

Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Nilianza na jiwe.

Hospitalini nesi alikuwa Mkenya. Alisikia tunavyoongea, akafunga pazia, akamwinamia Salim. "Aki bro, niambie ukweli. Hii si injury ya kuanguka. Nani amekufanyia hivi?" Alikuwa ananitazama mimi.

"Nimeanguka ngazi, sista," Salim alisema. "Andika hivyo hivyo."

Nilifurahi, astaghfirullah. Nilijiambia amenisamehe, damu nzito, ndugu ni ndugu. Nilikula vizuri jioni ile.

Ijumaa mama msanifu anayesimamia kazi alinipigia simu kuulizia hali ya Salim, akasifu kazi yake ukutani. Saruji ile, alisema, ni ya mafundi wa zamani, iliwekwa kabla sisi hatujazaliwa. Salim alikuwa amemwonyesha asubuhi ileile. Kuing'oa kungevunja matofali, kwa hiyo walikubaliana iachwe, ifunikwe chokaa. Nilipokuwa nachota maji, ndipo walipokubaliana kwa simu. Ndicho alichotaka kuniambia.

Lakini nisijifiche nyuma ya saruji. Fundi wa mwaka mmoja angeigonga mara mbili akajua ni ya miaka mingi. Nami nilijua. Sijui kama nilijua kabla ya ngumi ya kwanza au baada yake, ila nilijua na nikaendelea. Nilimpiga kwa sababu anaondoka.

Jana nilikwenda hospitali na uji wa Rehema. Salim aliniambia niuweke mezani.

"Nimesema nimeanguka kwa ajili ya mama," alisema. "Si kwa ajili yako. Presha yake unaijua. Ukitoka hapa usirudi."

Nikamwambia nitamwomba radhi mbele ya watu wote. Akageuza uso ukutani. "Baba alikuwa anaomba radhi kila Ijumaa, Bakari."

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Nikiendelea kunyamaza, mama yetu ataendelea kuniombea dua kwa jinsi ninavyomtunza mdogo wangu. Jana amenitumia sauti ya kunishukuru, ya dakika mbili nzima. Sikuweza kuimaliza. Nikisema, nitamvunja moyo, na Salim atanichukia kwa hilo pia. Rehema hajui bado. Atajua akimaliza kukanda unga, maana nitampa simu hii asome kabla sijachapisha.

Saa moja hapa, saa tisa Unguja. Mama ameshaswali, ameketi na simu yake. Nina umri wa miaka arobaini na sita, na sentensi ninayokwenda kumwambia ni ya mtoto wa miaka sita.

Mama, nimempiga Salim.