Jibu la Kahaso Barazani

Sabdio, uko? Niko kwa nyanya Kahaso hapa Idsowe.

Leo ndiyo amenieleza yaliyompata mwaka wa hamsini na sita. Yaani miaka yote hii amenyamaza!

Alikuwa mjane wa miaka ishirini. Shemeji yake, Mramba, alitaka kumrithi, kesi ikapelekwa barazani Garsen mbele ya bwana mzungu. Mzungu akauliza kama mjane anakubali. Nyanya akasimama, akasema kwa Kigiriama kwamba hataki, atalima shamba lake mwenyewe.

Mkalimani alikuwa Baya, rafikiye Mramba. Unajua alimwambia nini mzungu kwa Kiswahili? "Amekubali."

AMEKUBALI, Sabdio!

Nyanya Kiswahili kidogo alikuwa nacho. Akapiga kelele, "Sitaki! Mimi sitaki!" Baya akacheka: "Ana haya tu, bwana." Wazee wakacheka. Mzungu naye akacheka, akaandika.

Na huyo Mramba ndiye babu yangu. Jina lake ndilo ninaloitwa.

Nikamuuliza nyanya, "Sasa ukafanyaje?"

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali. "Nikaenda nikapika. Wageni wa Mramba walikuwa wengi."