Kaka Mkubwa wa Laurean

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Yule bibi harusi wa Falls Church kapungua tena! Nimebana kiuno cha gauni upya, shanga zote nimezitoa na kuzirudisha. Macho yananiuma.

Mwanangu Haitham haji nyumbani wikiendi hii. Wana shughuli kwenye frat yao — kile chama chao cha wavulana pale chuoni. Wanakaa nyumba moja, wanaitana kaka. Leo wanawapokea wapya. Ukimsikia anavyoongea utadhani anaoza binti!

Rafiki yangu Violet naye kapiga simu kutoka Bladensburg, furaha tupu. Mwanawe Laurean, mwaka wa kwanza, kachaguliwa na chama hicho hicho. "Dada, si nilimwomba Haitham amwangalie mdogo wake? Kumbe ndiye aliyemwombea nafasi. Sasa ni kaka yake mkubwa rasmi!" Tukacheka. Nami nikaona fahari, nisidanganye. Yeye wa Bukoba, mimi wa Tanga, na watoto wetu wameshikana katika chuo kikubwa vile cha Marekani.

Jumapili, 5 Oktoba

Laurean yuko ICU. Hapumui mwenyewe.

Violet alinipigia jana asubuhi, sikumwelewa, alikuwa anachanganya Kihaya na Kiswahili. Nimeshinda naye hospitali jana na leo. Mtoto ana mipira mdomoni, mipira puani. Na kwenye paji la uso wamemwandika! Kwa kalamu nene nyeusi — herufi za Kigiriki, zile za chama chao. Violet anazifuta kwa kitambaa cha maji. Hazitoki. Nesi kaleta spiriti, zimefifia tu. Mama wa watu anafuta, anafuta.

Pombe, daktari anasema. Nyingi mno, na kwa haraka mno. Na walichelewa kumleta.

Laurean hanywi! Huyu alikuwa anatumikia altareni mpaka juzi.

Haitham hapokei simu. Kaandika ujumbe mmoja, kwa Kiingereza: yuko salama, hawezi kuongea.

Jumanne, 7 Oktoba

Haitham kaja jana. Kaingia chumbani moja kwa moja. Nimempelekea wali na kuku, nimeukuta umeganda pale pale.

Baba yake, Fuad, kamuuliza mlangoni — ulikuwepo? Akasema aliondoka mapema. Kamjibu ukutani, si usoni.

Chuo kimetuma barua pepe kwa wazazi wote. Chama kimekuwa suspended, yaani kimesimamishwa, uchunguzi unaendelea, wanaiwazia familia. Jina la Laurean halimo. "Mwanafunzi mmoja."

Violet ananiuliza kila siku, Haitham anaendeleaje? Mwambie asijilaumu, anasema. Mwambie Laurean anampenda sana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Haitham kaja dukani mchana. Kapanda treni mpaka Arlington, kitu ambacho hajawahi kufanya. Hakukuwa na mteja. Nikamkalisha kwenye chumba cha kujaribia magauni, maana ndimo mna kiti. Mna vioo pande tatu. Kila alipogeuka anajiona, mwishowe akainamisha kichwa, akaongea na zulia.

Hakuondoka mapema.

Desturi yao, kaka mkubwa anampa mdogo wake chupa. Chupa nzima ya vodka. Mdogo haruhusiwi kupanda ngazi kutoka chumba cha chini ya nyumba mpaka iishe. Na yeye Haitham mwaka jana aliimaliza — akatapika siku mbili, wakampigia makofi! Mwaka jana. Akaniambia ana mafua. Nami nikamchemshia tangawizi.

Nikamuuliza, chupa alimpa nani? "Me, Mama."

Laurean alifika nusu akasema basi. Wakaanza kuimba jina lake. Haitham naye akaimba. Akamshikia chupa.

Baadaye Laurean hakuamka hata wakimfinya. Haitham akatoa simu apige 911, waje na gari la wagonjwa. Gregori, ndiye rais wao, akamwambia weka chini. Polisi wakija chama kimekwisha, na sisi wote tumekwisha. Atalala, itamtoka. Wakamlaza kwenye kochi wakamvisha begi mgongoni, limejaa vitabu, asije akageuka chali akapaliwa na matapishi.

Kwa hiyo walijua! Mtu unamfunga begi asife — halafu unaenda kulala?

"Ukaweka simu chini?"

Akaitika kwa kichwa.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Mteja akaingia, nikatoka kwenda kumpima kifua na nyonga kama vile hakuna lolote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwambia Fuad. Kakaa kitandani, kavua miwani, kalia. Sijamwona akilia tangu amzike mamake.

Halafu akajifuta na kusema mtoto hatamwambia mtu yeyote. Sisi si raia, Mama Haitham. Ana green card tu, kibali cha kuishi. Wale wenzake wakikosea baba zao watalipia mawakili, wataendelea na maisha. Wetu atapandishwa ndege kupelekwa nchi aliyoiacha akiwa na miaka minne, hata Kiswahili hajibu.

Anasema kweli. Hilo ndilo baya.

Jumamosi, 11 Oktoba

Violet kaniuliza leo.

Tulikuwa tumekaa pembeni ya kitanda, namsuka nywele maana hajazigusa tangu mtoto alazwe. Akasema, bila kugeuka: "Dada, hawa watoto hakuna anayeniambia kitu. Polisi nao wanasema kila aliyekuwemo kafunga mdomo. Haitham alikuwepo? Hakukwambia chochote?"

Mikono yangu iko kichwani mwake.

Nikasema, "Sijui, mdogo wangu. Hajaniambia."

Akasema, "Haya. Labda bado anaumia." Akanipa kitana.

Nilimaliza kumsuka. Mistari imenyooka kabisa. Nilikuwa nashangaa vidole vyangu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wakili wa makao makuu ya frat kawaita wazazi kwenye mkutano wa video. Wazazi wa "ndugu wote", alisema. Violet hakualikwa — Laurean eti alikuwa hajaapishwa, hivyo si ndugu. Wakili anamwita "yule mgeni". Mgeni! Wamwandike usoni kisha awe mgeni.

Maagizo: watoto wasiongee na polisi, wala chuo, wala familia ya mgeni. Wasiandike chochote kwenye simu. Itasemwa kwamba kijana alikunywa kwa hiari yake.

Mama mmoja, nyuma yake jiko zuri kama la dukani, akauliza kama hii itaharibu internship ya mwanawe, yale mafunzo ya kazini ya kiangazi. Wakili akasema swali zuri. Baba mmoja akauliza chama kitarudi lini. Hakuna aliyeuliza mtoto anaendeleaje. Hakuna! Wala mimi. Maikrofoni ilikuwa pale, kitufe ninakiona. Fuad alinishika goti muda wote.

Haitham kasema vijana wanakutana nyumba nyingine sasa, ya kupanga, haina jina mlangoni. Ijumaa walikuwa na pati. Ndogo, anasema.

Jumanne, 14 Oktoba

Laurean kafa leo baada ya adhuhuri. Walizima mashine. Violet alimwimbia.

Jumatano, 15 Oktoba

Nyumba ya Violet imejaa watu. Wahaya, Wachaga, Wakongo wa kanisani kwake, na sisi wa pwani na mahanjumati yetu ya biriani. Baba yake Laurean, Isack, yuko Bukoba, viza wamemnyima. Wamemweka kwenye simu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na wageni wanainama kumpa pole. Kila anayeinama, Isack anauliza, "Wewe ni nani?" Halafu anasema asante.

Mazishi Jumamosi.

Violet kanivuta chumbani. Kanipa suti ya Laurean, ile ya mahafali ya sekondari. Miguu ya suruali imekuwa mifupi, alirefuka kiangazi. Nimshushie pindo.

Kisha akasema anataka Haitham abebe jeneza. Mbele, upande wa kulia. "Hakuwa na kaka mwingine nchi hii, dada. Najua nyie ni Waislamu, kama kuna tatizo niambie tu."

Nikasema hakuna tatizo.

Hakuna tatizo! Ndivyo nilivyosema. Kwa mdomo huu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo nilifanyia kazi nyumbani. Suruali ya Laurean iko kwenye cherehani, nafumua pindo. Ndani ya pindo kitambaa bado cheusi kabisa, hakijaona jua. Haitham akaja jikoni kuchukua maji. Akauliza suti ya nani.

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya jeneza.

Aliweka glasi. Akashika ule mguu wa suruali, akaukunja, akaukunjua. Akasema kwa Kiingereza hawezi. Nikamwambia mwambie Auntie Violet unaumwa. Akanitazama — macho ya baba yake, lakini si woga wa baba yake. Akasema, "Mama, stop helping me."

Nimeketi na sindano mkononi. Stop helping me. Eti niache kumsaidia.

Fuad kasikia, akaja. Wamebishana mpaka jirani wa juu kagonga sakafu. Fuad anasema ngojeni, tutafute wakili wetu wenyewe, Jumatatu tutajua la kufanya. Haitham anasema Jumatatu Laurean atakuwa ardhini na mimi ndiye niliyembeba. Fuad akasema unataka kumuua mama yako? Haitham akasema — na hii alisema kwa Kiswahili, cha kuokoteza — "Baba, mimi nilishika chupa. Mimi. Si Gregori."

Fuad akanigeukia mimi. "Sema kitu, Mama Haitham."

Pindo nimelimaliza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika nikiwa garini, nje kwa Violet. Nyuma ya risiti nilizozikuta, nitanakili baadaye.

Asubuhi Fuad alikwenda kazini bila kuaga. Nikapiga suti pasi, nikaivisha mfuko. Nikamwambia Haitham, chukua koti lako, twende. Hakuuliza wapi. Kutoka hapa ni kwa mpelelezi mmoja wa polisi aliyeacha kadi mlangoni mwetu — hilo tumekubaliana njiani. Nimempigia wakili mmoja tuliyepewa jina lake msikitini, akasema msithubutu, nisubirini. Nikamshukuru, nikakata. Huenda ninamwangamiza mwanangu. Nilivuka daraja nikiliwaza hilo, nikapita barabara ya 295 nikiliwaza hilo, na gari likaendelea kwenda.

Nilitaka kuingia naye. Akasema hapana, nikiwa naye atajificha nyuma yangu. Akachukua suti.

Violet alifungua mwenyewe. Akaona suti, akamwona Haitham, akamkumbatia kabla hajasema neno. Suti katikati yao. Kichwa cha Haitham kikawa begani kwake, hakikuinuka. Akamvuta ndani, mlango ukafungwa.

Yaani angempiga ningepata nafuu.

Fuad anapiga simu. Sipokei. Anapiga tena.

Mbona kimya hivi? Wageni wa asubuhi wameshaondoka, yumo yeye na dada mmoja wa kanisani. Nilijiandaa kusikia ukelele. Niliteremsha kioo ili nisikie. Hakuna. Mbwa wa jirani tu. Baridi inaingia.

Sijui anamwambiaje. Anajua neno la Kiswahili la kuweka simu chini? Mungu wangu, sikumfundisha hata namna ya kuomba radhi kwa lugha ya mama wa watu.

Yule dada wa kanisani katoka mbio, kashika mdomo, kaegemea ukuta. Hakuniona.

Kwa hiyo ameshasema.

Fuad tena. Nimezima simu.

Mlango umefunguka. Nilidhani Haitham — siyo. Ni Violet. Miguu mitupu. Amesimama kwenye ngazi, anatazama magari yaliyopangwa, moja moja. Halii. Ameliona langu.

Anashuka. Haji kwa haraka. Nywele zake bado ile mistari niliyomsuka mimi.

Nimefungua kufuli ya mlango wa abiria. Sijui kwa nini, mkono umejiendea wenyewe. Hakuja kukaa na mimi huyu. Amekuja kuuliza. Na akiuliza tena, sitasema sijui.