Hoja Niliyoshindwa Jumanne

Takwenya, Mama Nashipae.

Najua hutaitikia salamu hii ya kwenu, na najua pia kwamba ungekuwapo ungenikosoa kabla sijakaa vizuri. Hoja yangu ni hii: marehemu hawasomi barua. Wewe ni marehemu. Kwa hiyo mimi, Mama Brayo, napoteza wino. Halafu ungenitazama kwa lile jicho lako na kuuliza ni marehemu gani aliyeniambia kwamba hawasomi. Kwa hiyo naendelea kuandika.

Miaka mitatu imepita tangu tukuzike kwenu, upande wa Kajiado. Kitengela ungepotea. Pale tulipokuwa tukianika nguo pana ghorofa nne, na pundamilia waliozoea kupita nyuma ya choo hawaonekani tena. Brayo ana ndevu. Mimi nimenenepa, usiulize. Lakini si hayo yaliyonikalisha kitako. Jumamosi iliyopita Nashipae wako alifanya mtihani kama ule wetu, na kabla ya mtihani huo kulitokea jambo. Tangu ufe kuna neno nilikuwa nimeshindwa kumwambia mtoto wako. Nilikuwa nimeshindwa kumwambia kwamba siku ile ya Jumanne niliona unaumwa sana, na nikakuacha.

Wacha nianze mbali kidogo, nipate nguvu.

Unakumbuka tulivyokuwa makarani wawili katika ofisi ya hapa Kitengela ya ile kampuni ya kutoa mizigo mpakani Namanga, mimi na wewe na meza moja yenye mguu mbovu. Ili karani awe msimamizi, ilibidi afanye mtihani wa kufikiri. Unapewa hoja fupi ya mistari mitatu, kisha unaulizwa ni jibu gani linatokana nayo, au ni jambo gani mwandishi amelichukulia kuwa kweli bila kulisema. Sharti ni moja tu: usilete chochote kisichokuwa kwenye karatasi. Hilo sharti ndilo lililokumaliza. Swali la kwanza lilisema ng'ombe wote wa mzee fulani hunywa maji ya mto mmoja tu, na mto huo umekauka. Walitaka tuseme kwamba ng'ombe hao hawanywi maji. Wewe ulikataa majibu yote manne, ukaandika pembeni kwamba mzee huyo alihamisha ng'ombe kabla mto haujakauka, na kama hakuhamisha, basi ng'ombe si wake, ameazima.

Mimi nilipita. Nilizaliwa Bungoma kwenye miwa, na ukiniambia ng'ombe anakunywa maji ya mto mmoja, nakubali na kuendelea na swali la pili. Nikapewa usimamizi kwa sababu ya kutojua, wewe ukanyimwa kwa sababu ya kujua. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Hukuninunia hata siku moja, na hilo lilinitia haya kuliko kama ungeninunia.

Ndipo nikaanza kukufundisha, Jumapili baada ya kanisa, tumekaa mlangoni na beseni la nguo katikati yetu. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza, lakini tulijifunza kwa Kiswahili, kwa sababu ulisema Kiingereza kinaficha ujinga vizuri mno. Nilikuonyesha kufunika mstari wa mwisho kwa kidole gumba. Unasoma sababu zilizobaki, kisha unajiuliza: ili nitoke hapa nifike pale, ni sentensi gani wameificha? Uliupenda mchezo huo kupita kiasi. Katika mtihani wenyewe ulianguka tena mara mbili, lakini kidole kile hakikupumzika.

Kanisani mchungaji alisema tuliomba mvua na mvua ikanyesha. Wewe ukaninong'oneza, "Na hawa majirani zetu hawakuomba, wao wamenyeshewa na nini?" Nilikohoa mpaka mzee wa kanisa akaniletea maji.

Halafu yule dalali wa mashamba. Nilikuwa karibu kabisa kukubali ile ploti yake. Alikuwa na maneno matamu: "Hapa lami iko karibu kufika, mama. Lami ikifika, stima inafuata. Stima ikifuata, uko town." Uliinua kidole gumba mbele ya uso wake kama mtu anayepima ukuta. Ukamuuliza ni nani aliyesema lami inafika. Akasema kila mtu anajua. Ukamuuliza, "Huyo kila mtu, amenunua hapa?" Kisha ukainama, ukang'oa nyasi, ukaniambia nyasi za namna hii huota mahali maji yanapolala. Hilo halikuwa kwenye karatasi yake, na ndilo lililoniokoa. Mvua kubwa ilipokuja, aliyenunua ile ploti alianza kufuga bata.

Haya. Jumanne.

Nilikukuta umejifunika mashuka mawili na unatetemeka. Nilikuwa nimeiandaa hoja yangu njiani. Una homa siku ya tano. Homa ya siku tano si ya kuchezea. Kwa hiyo twende hospitali. Ukatoa mkono shukani, ukainua kidole. Ukaniuliza kama homa ya mwaka jana haikuwa ya siku sita, na kama haikuisha kwa supu ya mizizi ya mama yako. Nikasema hii ni tofauti. Ukasema, "Leta sababu, Mama Brayo. Umeniletea hitimisho mara mbili."

Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikasema umeshinda, nikachukua mkoba wangu nikaenda kazini. Alhamisi ulipobebwa kuingizwa kwenye gari hukubishana na mtu yeyote, na hapo ndipo nilipoogopa. Ijumaa asubuhi hukuwapo.

Nilishindwa hoja na mgonjwa. Na mbinu ya kunishinda nilikufundisha mwenyewe, kwa kidole changu, kwa Jumapili zangu. Miaka mitatu nimekuwa nikilipia hilo. Kila nikimwona Nashipae nilikuwa namnunulia viatu. Mtoto ana viatu kama duka.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja kwangu na begi na kibuyu cha maziwa kutoka kwa nyanya yake, mama yako. Shamba moja la maua huku kwetu linatafuta karani, nao wanapima watu kwa hoja fupi. Aliomba nimfundishe. Ningekataaje? Tukakaa mlangoni, na siku ya kwanza tu nikaona ugonjwa ni wa ukoo. Swali lilisema wafanyakazi wote wa shamba huvaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na Jane amevaa gambuti. Je, Jane ni mfanyakazi wa shamba? Nashipae akasema, "Anti, hiyo inategemea. Kama ni Kitengela na imenyesha, hata mchungaji amevaa gambuti." Nikafungua nyuma ya kitabu. Jibu lilikuwa kwamba hatuwezi kujua. Mtoto amepata alama kwa sababu ya tope letu. Nilitamani ungemwona.

Jumapili kabla ya mtihani, mifano ya kitabu iliisha. Nikachukua karatasi nikaandika wangu, na sijui mkono ulitumwa na nani. Niliandika: Mwanamke alikuwa mgonjwa sana. Rafiki yake alijua. Siku ya Jumanne rafiki hakumpeleka hospitali. Kwa hiyo rafiki ndiye aliyesababisha kifo chake. Sikuweka jina. Nilimsukumia karatasi nikarudi kuchambua maharagwe.

Alifunika mstari wa mwisho kwa kidole gumba. Ni kipana kama chako. Akakaa hivyo mpaka maharagwe yakaisha, nikaanza kuchambua upya yale yale safi. Ndipo akachukua kalamu, akaandika sentensi iliyofichwa, akanirudishia. Ilisema: Huyo mwanamke alikuwa mtu wa kukubali kupelekwa.

Nilicheka. Kisha nikalia, kisha nikashindwa kutenganisha, na sufuria ikapinduka na maharagwe yakaenda mpaka kwa jirani. Nashipae alinishika mkono. Akasema, "Hiyo sentensi ni ya uongo, anti, na wewe unamjua. Nyanya alimwambia mama waende hospitali Jumatatu, nyanya mwenyewe, mwenye supu. Akashindwa. Mimi nilimwambia Jumatano. Nikashindwa."

Sikujua, Mama Nashipae. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mama yako amekaa na Jumatatu yake kule Kajiado, mtoto wako amelala na Jumatano yake chini ya mto, na mimi hapa na Jumanne yangu na viatu vyote vile, kila mmoja akidhani wiki nzima ni yake peke yake. Wiki hii nimekwenda na Nashipae kumwona mama yako. Tumekunywa chai na kukusengenya vizuri, wote watatu, mpaka jua likaegemea upande wa pili. Ulitushinda sote. Nimekukasirikia kwa mara ya kwanza tangu ufe, na nimelala usingizi mzito.

Majibu ya mtihani hayajatoka. Msimamizi wa mtihani alimwambia Nashipae kwamba ameandika sana pembeni ya karatasi, kwa hiyo sina la kukuahidi upande huo. Akipita, atakaa kwangu awe karibu na kazi. Akianguka, atakaa kwangu pia.

Sasa nakuaga. Huko uliko, mtu akikupa sababu, mwache amalize kwanza.

Na hili nimemwahidi mtoto wako, nakuahidi na wewe. Siku nitakapougua, akisimama mlangoni aseme, "Anti, twende," sitamuuliza kwa nini. Nitavaa viatu.

Wako,
Mama Brayo