Kadi ya Picha na Upepo wa Magotini

Jumapili, 3 Desemba

Kompyuta imekufa. Imekufa katikati ya maneno ya Nevena.

Tulitoka Ljubljana baada ya chakula cha mchana, kama kila Jumapili. Mimi na lori la vigae, yeye nyuma yangu na lori la jibini. Siku sita mjukuu wangu anaosha wazee wa Kiaustria kule Linz, ya saba anaendesha lori na bibi yake kwenye gemu. Mimi leseni sijawahi kuwa nayo. Linz nimefika mara nyingi kuliko padri wetu anavyofika kanisani, na miguu yangu hii haijavuka mji wa Niš.

Tukaanza kupanda mlima. Theluji. Nevena akapunguza mwendo. Nikajua kuna kitu kinakuja — watu wa nyumba hii hatusemi tukitazamana. Mama yake, Mungu amrehemu, alinieleza mambo yake yote tukimenya maharagwe, macho kwenye beseni. Nevena husema akiwa ameshika usukani. Akasema, Bibi, kuna jambo nataka kukwambia, lakini usisimame, endelea tu kuendesha.

Naendelea kuendesha. Kioo cha kompyuta kikapata mistari ya kijani kama pajama za hospitali. Kisha cheusi. Sauti yake ikabaki kidogo: Bibi? Bibi, upo? Kisha feni ikalia kama nguruwe siku ya kuchinjwa, na basi.

Nimeipiga kofi, ubavuni, kwa upole. Haikusaidia.

Nimempigia simu ya video. Ananiangalia kwenye simu na kusema si kitu Bibi, jambo dogo tu, tutaongea. Anacheka kwa mdomo, macho hayamo. Nimemlea mimi tangu ana miaka minne. Alipoingia darasa la kwanza alinifundisha herufi zake, mimi nikamfundisha kuchuna sungura. Uso ule naujua.

Kwenye simu hatasema. Lazima kompyuta ifufuke.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimemwita Radmilo. Alitengeneza televisheni zote za mji wetu, Knjaževac, mpaka watu wakaacha kutengeneza televisheni, wakawa wanatupa. Sasa anatengeneza kompyuta. Ana miaka hamsini, hana mke, hana kofia. Supu kwanza, nikamwambia, halafu bisibisi.

Alivyoingia chumbani kwa Nevena akasimama.

— Bibi Vida, hiki nini?

— Kitambaa. Hayo ni mawaridi. Nimefuma mwenyewe.

— Kimekaa juu ya matundu ya hewa.

— Kimekaa juu ya kompyuta. Kingine kiko juu ya televisheni na kingine juu ya friji. Nyumba hii inakaa mtu, si punda.

Akaligeuza lile sanduku. Nyuma akakuta soksi ya sufu, imesokomezwa kwenye tundu la feni. Akaishika kwa vidole viwili kama panya.

Sikukataa. Tundu lile lilikuwa linanipuliza magotini. Upepo wa kupita ndani ya nyumba ndio uliomuua mume wangu Dragiša. Daktari aliandika moyo, lakini daktari hakuwepo. Mimi nilikuwepo: dirisha wazi, mlango wazi, yeye katikati na fulana iliyolowa jasho.

Radmilo akasema upepo ule ndiyo pumzi ya kompyuta. Akasema nimeiziba pua, nikaifunika blanketi kichwani, halafu nikaipandisha mlimani na tela la vigae. Ndani kuna kadi ya picha, ndiyo inayochora barabara na theluji na lori na kila kitu. Imeungua. Hata hivyo ilikuwa kuukuu, Nevena aliinunua akiwa sekondari, kwa hela ya kuchuma cheri kiangazi kizima.

— Kwa hiyo nimeiua mimi.

— Umeiua wewe, Bibi Vida.

Nimempa bakuli la pili la supu. Watu wanaokwambia ukweli ni wachache, na huyu alikuwa bado ana njaa.

Jumatano, 6 Desemba

Leposava wa jirani kaja kuazima chachu. Hakuondoka. Kauliza Nevena anakuja kwenye sherehe ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yetu, tarehe kumi na tisa? Nikasema atakuja, hajawahi kukosa. Akasema binti wa dada yake naye yuko Linz, amemwona Nevena dukani na mwanaume mrefu, na Nevena amevaa koti pana.

Nikamwambia ni baridi, ulitaka avae gauni la bahari?

Akasema koti pana lina sababu yake, na sababu nyingine baadaye huota miguu.

Nimemwonyesha mlango. Chachu alikuwa ameisahau mezani. Nikamfuata nayo hadi getini, maana mkate hauna kosa.

Ijumaa, 8 Desemba

Radmilo amepata kadi mjini Zaječar. Si mpya — mpya bei yake ni ya ng'ombe, tena mwenye mimba. Ila alikuwa na aibu ya kuniambia ilikotoka. Nikambana. Akasema kadi hii imetumika kuchimba sarafu.

— Imechimba wapi?

— Kwenye mtandao, sarafu za kidijitali. Usiku na mchana, bila kuzimwa. Wengine wanasema kadi za hivyo zimechoka, tusizinunue.

— Radmilo, mimi nimechimba viazi maisha yangu yote, na hapa nilipo nakupikia pilipili hoho za kujaza. Ilete.

Jumatatu, 11 Desemba

Imekuja. Kubwa kama tofali, ina feni tatu. Ile ya zamani ukiiweka pembeni ni kama kifaranga kando ya bata mzinga.

Haiingii. Mbele ya sanduku kuna kichanja cha chuma, zamani walikuwa wanaweka humo vitu vya kuhifadhia kumbukumbu. Kadi inakigonga kwa upana wa kidole. Radmilo amekaa sakafuni anaitazama na sigara masikioni, yaani moja kila upande. Akasema tununue sanduku jingine. Nikaenda bandani nikaleta mkasi wa Dragiša wa kukatia mabati.

Alisema hapana. Akasema mazabodi, ule ubao unaobeba kila kitu, imo humo, huwezi kuingiza mkasi wa mabati kwenye kompyuta. Nikasema basi itoe, si unayo bisibisi? Akatoa vyote, akavipanga juu ya kitanda cha Nevena kwenye shuka safi, tukakata kichanja. Yeye alishika, mimi nilikata.

Kadi ikaingia. Nikasema washa.

Hatuwashi. Kisanduku cha umeme kilichomo ni kidogo, hakina hata waya za kuilisha kadi hii. Tukiwasha kinaweza kulipuka. Kingine kitatoka Belgrade.

Hakuna mtu aliyeniambia kwamba kadi hula. Ningejua ningeuliza mapema inakula nini.

Alhamisi, 14 Desemba

Nevena kaandika ujumbe. Haji kwenye sherehe. Zamu, amesema. Safari ya basi ni ndefu, amesema, na theluji.

Miaka yote alikuwa anakuja na theluji.

Kisanduku bado hakijafika. Nimefuta vumbi kwenye usukani wa gemu.

Jumanne, 19 Desemba

Mtakatifu Nikola. Mkate umeumuka vizuri, mshumaa umewaka bila kuyumba, samaki wa kutosha maana ni mfungo. Watu walijaa. Siku hii hatualiki, anayetujua anakuja. Kiti cha Nevena niliweka koti langu juu yake ili asikae mtu. Leposava akataka kukaa. Nikamwambia kina msumari.

Saa nane Radmilo akaingia, amevaa tai, na badala ya divai ana boksi kwapani. Kisanduku cha umeme. Akakiweka mezani kando ya mkate na mshumaa, akajifanyia ishara ya msalaba. Leposava akauliza kama ni mashine ya kuchoma mkate.

Nilipiga simu wageni wote wakiwepo, wampungie mikono Nevena. Alipunga. Alikuwa amekaa, kamera ameishika juu, inaonyesha uso tu. Zamani kamera yake ilikuwa inazunguka nyumba nzima, mpaka chooni. Akauliza, Bibi, kompyuta vipi? Hakuuliza samaki, hakuuliza nani kaja. Nikamwambia Jumapili. Akasema sawa, Jumapili, na safari hii alicheka kidogo kwa macho.

Nimeosha vyombo mwenyewe. Radmilo alifuta. Nikamwuliza, msichana akiuliza kompyuta kabla ya kuuliza samaki, maana yake nini? Akasema yeye hajui wasichana, anajua kompyuta. Nikasema basi kesho uje asubuhi.

Jumatano, 20 Desemba

Kabla hajaanza nimechota maji kwenye kopo nikayamwaga kizingitini, kama tunavyowamwagia wote wanaoanza safari, mambo yao yateleze. Nevena nilimmwagia ndoo nzima siku anapanda basi la Linz. Sasa kadi nayo ina safari. Radmilo kasikia maji, katoka mbio na bisibisi mkononi, akaniambia maji na umeme havikai pamoja hata kwa baraka. Nikasema ni ya kizingitini tu. Akachukua tambara akafuta kizingiti. Amefuta baraka nusu. Nusu inatosha.

Akaunganisha waya, moja, nyingine, akabonyeza. Feni tatu zikaanza kuzunguka taratibu, hazilii. Kioo kikawaka. Radmilo kakaa kitandani. Halafu akapakua vitu vingi vya kompyuta vinavyochukua muda, nikakaanga mayai.

Tukaiwasha gemu. Sikuijua barabara yangu. Kumbe pembeni kuna nyasi, moja moja. Kumbe kuna matone kwenye kioo cha lori na yanateleza. Kumbe dereva ana mikono! Miaka yote nimeendesha bila mikono, ilikuwa kivuli tu. Nimeitazama. Ni mikono ya mwanaume, ina nywele. Radmilo anasema inaweza kubadilishwa. Iache, imezoea kazi.

Akaondoka na mtungi wa pilipili na kofia ya Dragiša. Kofia alikataa mara mbili, nikamvalisha.

Alipotoka mkono wangu ulikuwa umeshachukua kitambaa cha mawaridi. Ulikwenda wenyewe. Nimekirudisha kwenye droo. Na soksi nimeivaa, ilikuwa imeachana na mwenzake tangu mwaka juzi.

Jumapili, 24 Desemba

Naandika kwenye meza ya kompyuta, usukani uko mbele yangu, lori limesimama. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga kelele kwenye hii maikrofoni.

Tulitoka Ljubljana saa saba. Nimebeba mbao, yeye hana tela. Nikamwuliza mbona hujabeba kitu, akasema leo sitaki uzito. Kwa Waaustria leo ni mkesha wa Krismasi, kwetu bado wiki mbili. Akaniuliza gemu inaonekanaje. Nikamwambia kuhusu nyasi na mikono yenye nywele. Alicheka, kicheko chenyewe kile, mpaka akakohoa.

Mlima uleule. Theluji, na sasa naiona inavyoanguka, kila moja peke yake. Nikanyamaza kwa makusudi. Nikawasha waipa. Nikawa naendesha.

Baada ya handaki akaweka taa za hazadi, zile za tahadhari, akatoka pembeni ya barabara akasimama. Mimi nilikuwa nimempita. Kurudi nyuma na tela siwezi, sijui na sitajifunza, nikasimama mbele yake kidogo. Kwenye kioo cha pembeni namwona, taa zinawaka na kuzima.

Akasema, Bibi, samahani, sikuweza kuendesha na kusema kwa pamoja.

Nikasema simama basi, barabara si ya baba yao.

Akauliza kile kitanda cha kubembea, alicholalia mama yake na yeye mwenyewe wakiwa wachanga, kiko wapi siku hizi?

Nikasema kiko darini. Kina vitunguu.

Nasikia anapumua.

— Bibi, vitunguu vinaweza kuhama?

— Vinaweza.

— Kabla ya mwezi wa tano?

Nikasema vitunguu vyangu vinahama siku yoyote ninayoviambia. Sauti yangu ilitoka nzuri tu. Nikamwuliza nilichokuwa na haki ya kuuliza: nikifungashe kije huko Linz, au wewe unakuja kukibembeza hapa?

Ndipo kengele ya kwake ikalia. Akasema ngoja Bibi, kuna mtu mlangoni, usizime. Nilisikia sauti ya mwanaume, Kijerumani, sikuelewa neno. Ya Nevena nilielewa bila maneno: haikuwa ya kufukuza, wala haikuwa ya kukaribisha. Halafu mlango ukafungwa, na sauti zao sikuzisikia tena.

Muda umepita. Nimepanda darini kwa ngazi, nikashuka nacho mgongoni. Vitunguu viko kwenye beseni, kwenye ndoo, na vilivyobaki kwenye kiti cha Dragiša. Kitanda kiko hapa kando yangu. Mguu mmoja umelegea, Radmilo ataukaza kesho, nitampa supu. Kinanuka vitunguu, lakini harufu itatoka kwa siki.

Mlango wa darini nimeuacha wazi. Wa chumba pia uko wazi, mikono ilikuwa imejaa. Feni tatu zinanipuliza magotini, na upepo unapita nyumba nzima, kutoka paa mpaka kizingitini. Sijainuka kufunga. Nikiinuka ataita na mimi sipo.

Taa za lori lake bado zinawaka na kuzima.